Maswali ya Wasomaji: Texas hakuna kodi, sasa mbona hesabu haikai?

Safari hii barua karibu zote zimekuja na jambo moja, watu wa Marekani wanataka kuhama jimbo. Nimechukua tatu, mmoja anafanya kazi ya CNA (msaidizi wa wauguzi), mmoja dereva wa lori, mmoja ndugu yetu Mkongomani. Hiyo ya kwanza nimeikalia sana maana naona nyumba nyingi zina kesi kama hiyo.

Swali

Kaka mhariri habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, kijana wa miaka 15 na binti wa miaka 6, tuko Lowell, Massachusetts. Nafanya CNA kwenye nyumba ya wazee, dola 23 kwa saa, mume wangu yuko ghala la mizigo, dola 22. Renti 2,450 vyumba viwili, kijana analala sebuleni na umri huo, jamani. Wifi yangu yuko Arlington kule Texas karibu na Dallas, kila siku ananirushia video kwa wotsapu, nyumba vyumba vitatu, bafu mbili, gereji, 1,950! Anasema Texas hakuna kodi, hela yote ya kwako. Nimeulizia kazi huko wameniambia 17.50, mume ameambiwa 19. Yeye kichwani ameshahama, anasema hapa tunamfanyia kazi mwenye nyumba. Mimi roho inasita. Nimeanza masomo ya kujiandaa na unesi hapa koleji ya jimbo, na sijatoa hata senti. Gari tunayo moja, mume anakwenda kazini na basi. Watoto wako MassHealth, ile bima ya afya ya jimbo. Tuhame au tukae?
— Mama Kijana, Lowell

Jibu

Mama Kijana, asante kwa kuweka namba, maana wengi wananiandikia "huko maisha rahisi" halafu hakuna hata tarakimu moja, sasa nipige hesabu ya nini.

Tuanze na hilo la "Texas hakuna kodi" maana ndilo limewavuruga wengi. Ni kweli, Texas haikati kodi ya mapato ya jimbo. Lakini kodi ya serikali kuu iko palepale, Social Security na Medicare (makato ya pensheni na matibabu ya uzeeni) 7.65% iko palepale, hizo huzikimbii hata ukihamia Alaska. Kinachoondoka ni ile 5% ya Massachusetts tu, na hata hiyo hukatwi kwenye hela yote. Nyie wawili bila ovataimu mnaingiza 93,600 kwa mwaka. Toa 8,800 ya wanandoa, toa 1,000 kwa kila mtoto, toa 2,000 kila mmoja wenu kwa ajili ya Social Security na Medicare, toa 4,000 ya renti (ndiyo, Massachusetts inakuruhusu kutoa nusu ya renti hadi hapo, kama anayewajazia fomu za kodi hajawahi kuwauliza habari ya renti basi mtafuteni mwingine), inabaki 74,800. 5% yake ni 3,740, halafu jimbo linarudisha 440 kwa ajili ya binti kwa sababu hajafika miaka 13. Kwa hiyo hiyo kodi inayowatisha ni 3,300 kwa mwaka, yaani 275 kwa mwezi.

Sasa angalia mshahara. Kutoka 23 kwenda 17.50 na kutoka 22 kwenda 19, nyumba nzima inapoteza 17,680 kwa mwaka, kabla ya makato ni 1,473 kwa mwezi. Kwa kuwa mnaingiza kidogo, serikali kuu nayo inakata kidogo, mnaokoa kama 290. Mnaokoa na ile 275 ya jimbo. Ukizitoa zote mbili bado mfukoni mna pungufu ya kama dola 910 kila mwezi. Basi ukichukua Texas nyumba ya vyumba viwili kama mliyonayo sasa, kwa renti ya huko ya kama 1,550, umeokoa 900. Yaani mmehama maili karibu 1,800, mmelipia lori, mmeacha dipoziti na marafiki, na mwisho wa mwezi mko palepale, na kijana bado yuko sebuleni!

Ukichukua ile nyumba ya wifi ya 1,950 ndiyo umeokoa renti 500 tu, kwa hiyo kila mwezi mnaingia hasara ya 410 hivi. Na hapo sijagusa gari.

Gari ndiyo inayosahauliwa kila siku. Hapo Lowell mume anapanda basi. Arlington ni mji wa watu karibu laki nne na hauna mabasi ya ruti kama mliyozoea, kuna vigari vidogo vya kuita kwa simu na vinazunguka hapohapo mjini, sasa mtu wa shifti ya saa kumi na moja alfajiri kwenye ghala la mji wa pili atafikaje. Gari ya pili ni lazima. Weka 380 ya malipo, 200 ya bima, 120 ya mafuta, na hapo nimebana, ni 700. Bima yenyewe usikadirie kwa unayolipa sasa. Massachusetts ni kati ya majimbo machache yanayokataza kampuni za bima ya gari kuangalia krediti yako (rekodi yako ya kulipa madeni), Texas wanaiangalia, kwa hiyo kama krediti yenu bado changa mnaweza kuwa madereva wazuri tu bila ajali na bei ikapanda. Piga simu leo kwa kampuni mbili tatu, wape namba ya posta (zip code) ya kwa wifi, wakupe bei kabla hujafunga hata boksi moja. Mkifika na gari yenu ya sasa mna siku 30 kuisajili na siku 90 kubadilisha laiseni.

Ukijumlisha, kwenye nyumba ile ya gereji mna pengo la kama 1,100 kwa mwezi. Mtaliziba na ovataimu, na mtaziba kweli, sisi tunajuana, lakini ndiyo yaleyale anayolalamikia mume, sema mwenye nyumba ndiye mwingine.

Umeme na hita sitavichambua sana, huku mnalia Januari huko mtalia Agosti, vinakaribiana. Ila jambo moja la Texas, sehemu kubwa ya jimbo ikiwemo Arlington unajichagulia mwenyewe kampuni ya umeme, na kuna tovuti ya jimbo inaitwa Power to Choose inazipanga zote kwa bei. Usichukue ile ya juu kabisa kwa sababu ina namba ndogo. Fungua ile karatasi ya maelezo ya mpango, utaona bei imeandikwa mara tatu, ya ukitumia kilowati-saa 500, ya 1,000 na ya 2,000. Kuna mipango inakupa zawadi ukifika 1,000 kamili, ukitumia 990 umeikosa na bili inaruka. Nimeona watu wazima wanawasha taa mchana, ilimradi wapate hiyo 1,000, ni vituko.

Haya, sasa nije kwenye jambo lililonifanya niichague barua yako. Umelitaja kwa sentensi moja kama kitu kidogo, kumbe ndilo zito kuliko yote. Unasoma bure. Massachusetts tangu mwaka wa masomo wa 2024 koleji za jamii ni bure kwa mkaazi yeyote ambaye hana digrii, ada na michango yake yote, na unesi wa RN (muuguzi aliyesajiliwa) uko humo humo. Texas utaanza kuhesabiwa mkaazi wa kulipa ada ya chini baada ya kukaa miezi 12, kabla ya hapo unalipa kama mgeni, na ukishahesabiwa mkaazi bado unalipa, mpango wa bure wa jimbo zima kama huo haupo. Halafu si kila koleji itakubali masomo yako yote uliyomaliza, hasa yale ya sayansi, wengine wanayaona ya zamani wanakurudisha mwanzo. Kwa hiyo ukihama sasa unaachia dola 5.50 kwa saa na unaachia pia njia ya kwenda kwenye mshahara ambao hautafanana kabisa na huu wa CNA.

Na watoto. MassHealth inabeba watoto hadi kipato cha familia kifike asilimia 300 ya kiwango cha umaskini, nyie kwa viwango vya 2025 mko kama 291, mmepita kwa tundu la sindano. Texas mpango wa bima ya watoto unaishia asilimia 201, kwa familia ya watu wanne ni kama 64,600 kwa mwaka, na nyie huko na mishahara ileile midogo mtaingiza karibu 76,000. Kwa hiyo watoto watakuwa nje, itabidi waingie bima ya kazini kwako au kwa baba yao, na bima ya familia ya kazini uliza leo inakatwa kiasi gani kila cheki, usiulize tu kama "ipo". Massachusetts pia ukiugua au ukijifungua au ukiuguza mzazi kuna ile likizo ya kulipwa ya jimbo, wiki 12 kwa mambo ya familia na hadi 20 kwa ugonjwa wako mwenyewe. Texas hiyo haipo, labda mwajiri awe na roho nzuri.

Kijana naye ana lake. Akiwa shule ya Texas, ili amalize sekondari anatakiwa kufaulu mitihani mitano ya jimbo, aljebra, Kiingereza cha kwanza na cha pili, baiolojia na historia ya Marekani. Massachusetts wapiga kura waliufuta mtihani wa MCAS kuwa sharti la kumaliza, Novemba 2024. Kijana wa miaka 15 akihamia katikati anaweza kujikuta anasaka mitihani ambayo wenzake walishaimaliza. Mpigie mshauri wa shule ya huko aeleze kwa masomo aliyonayo atawekwa wapi. Na shule huko zinafungua katikati ya Agosti, sio Septemba.

Nisionekane namsema wifi vibaya. Anachokutumia ni kweli, nyumba ipo, jua lipo, na yeye mwenyewe ni kitu cha kuhesabu. Kama atamchukua binti shuleni kila siku na kukaa naye hadi mrudi, hiyo ni mamia ya dola kwa mwezi, iandike kwenye karatasi kabisa, lakini muulize wazi, sio "tutasaidiana". Tutasaidiana ya simu na ya Jumatatu asubuhi hazifanani. Na mume wako nae ana hoja, kijana wa umri huo kulala sebuleni sio sawa. Ila dawa yake inaweza kuwa vyumba vitatu Fitchburg au Gardner, mbali kidogo na Lowell, renti inapungua na kila kitu cha jimbo mnabaki nacho. Msikimbilie Nashua ng'ambo ya mpaka kwa sababu New Hampshire haina kodi ya mshahara, mkibaki na kazi Massachusetts ile 5% inawafuata hukohuko, na koleji ya bure inaondoka.

Kama ni mimi, ningekaa nimalize RN. Nikishaipata ndio ningewasha injini ya Texas, maana hapo unakwenda na mshahara wa nesi kwenye jimbo la nyumba za bei ya chini na unaweza hata kununua. Na hapo pia fumbua macho, Texas kodi ya mapato haipo lakini ya nyumba ipo na inauma, mara nyingi kati ya asilimia 1.5 na 2.5 ya thamani kila mwaka, nyumba ya 300,000 inaweza kukulamba 500 kwa mwezi kodi peke yake, na bima ya nyumba iko juu kwa sababu ya mvua ya mawe inayotoboa mapaa.

Lakini kama mume hasikii na mnahama, basi CNA yako ihamishe kabla hujaondoka. Kila jimbo lina daftari lake la CNA, sheria ya serikali kuu ya 1987 ndiyo iliyoweka hivyo, na Texas utaomba kuingizwa kwa kutambuliwa ulikotoka, hurudii darasa kama jina lako ni safi na umefanya kazi ya kulipwa ndani ya miaka miwili. Usifike ndio uanze, utakaa wiki kadhaa bila shifti huku renti inatembea. Mwenye nyumba wa Lowell muandikie barua mapema, dipoziti anatakiwa kukurudishia ndani ya siku 30 pamoja na riba yake. Na nendeni mkakae kwa wifi wiki mbili, Agosti, sio Machi.

Swali

Mambo vipi bro. Mimi dereva wa lori, sina mke wala mtoto, nakaa Brooklyn Park, Minnesota. Napiga majimbo yote, nyumbani naonekana siku nne tano kwa mwezi. Washkaji wangu wawili wamehamia Tennessee wanasema wanaokoa hela ndefu ya kodi. Ni kweli au stori za kwenye stesheni za mafuta?
— Mpiga Gia

Jibu

Bro, kwako wewe ni kweli, na ni mmoja wa watu wachache ninaoweza kuwaambia hivyo bila kusitasita.

Yule mama wa juu akihama, mshahara unabadilika kwa sababu wazee anaowahudumia wako mahali pamoja. Wewe unalipwa kwa maili, maili ya Nebraska haijui wewe unalala wapi. Na kuna sheria ya serikali kuu inasema dereva anayekatisha majimbo mengi analipa kodi ya mapato kwenye jimbo analoishi tu, yale unayopita hayana haki ya kukukata. Kwa hiyo anwani yako ndiyo kodi yako. Mtu asiye na familia anayeingiza 70,000, Minnesota kwa viwango vya 2025 inachukua zaidi ya 3,000 kwa mwaka, sehemu ya chini inakatwa 5.35% na inayofuata 6.8%. Tennessee mshahara hawaugusi.

Sasa yale ambayo washkaji hawakukwambia. Kwanza uliza dispacha wako (yule anayekupangia mizigo) kama kampuni inaajiri madereva wa sehemu hiyo unayotaka, na senti kwa maili ni zilezile. Kuna kampuni zina ramani, ukitoka nje ya ramani hawakupeleki nyumbani, unakuwa unalala kwenye stesheni hata zile siku nne. Pili, kuhama kuwe kuhama. Kuna watu wanapanga sanduku la posta Nashville na kitanda bado kiko Brooklyn Park, hao siku moja wanapata barua. Minnesota ukibaki na nyumba yako huko na ukakaa siku 183 au zaidi wanakuhesabu wa kwao. Na hata ukikaa pungufu, wanaangalia laiseni iko wapi, gari imesajiliwa wapi, daktari wako wapi, kura unapigia wapi. CDL, yaani laiseni yako ya lori, una siku 30 kuihamisha, usichelewe kabisa. Kama lori ni lako mwenyewe, basi usajili wa lori wa majimbo mengi (IRP) na hesabu za kodi ya mafuta ya majimbo mengi (IFTA) zinahama pia, na hiyo ni kazi ya wiki nzima ya makaratasi, panga usiwe na mzigo.

Tatu, Tennessee wanajilipa dukani. Kodi ya mauzo ya jimbo ni 7% na miji inaongeza hadi 2.75, na hata unga na nyama wanakata 4%, wakati Minnesota chakula cha dukani na nguo havina kodi. Kwa wewe unayekula barabarani haitakusumbua sana. Siku ukioa ukapata watoto watatu tutaongea upya.

Swali

Ndugu mwandishi, nakusalimu. Mimi ni Mkongomani, nilikulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, tulifika Louisville, Kentucky mwaka 2022 kama wakimbizi, mimi na mke na watoto watano, green card tuko nayo. Niko kwenye kampuni ya kupanga mizigo, dola 18. Rafiki yangu ameenda Iowa kwenye kiwanda cha nyama, anasema wanatoa 24 na bonasi ya kuanza. Anasema nije mara moja, nafasi zitakwisha. Mke wangu anaogopa makaratasi yetu yataharibika tukihama. Unatushauri nini?
— Baba wa Watano

Jibu

Baba, mwambie mama watoto atulie, makaratasi hayaharibiki kwa kuhama. Yanaharibika kwa barua kupotea. Mkihama mna siku 10 kuwapa USCIS (idara ya uhamiaji) anwani mpya, fomu inaitwa AR-11, inajazwa mtandaoni na ni bure, na inajazwa kwa kila mtu, hata yule mtoto mdogo, sio baba peke yake. Kubadilisha anwani posta haitoshi. Halafu piga hesabu ya uraia. Kwa mkimbizi ile miaka mitano inahesabiwa kuanzia siku mliyoingia Marekani, kwa hiyo wewe na mke mnaitimiza 2027, na siku ya kupeleka ombi unatakiwa uwe umekaa miezi mitatu kwenye jimbo hilo. Kama mnahama, hameni mapema, au subirini mpeleke ombi kwanza. Ila msihame mwezi mmoja kabla.

Kadi ya matibabu ya Kentucky na ile ya chakula kama mnayo, hazisafiri. Unafunga huku, unaomba upya Iowa, na huruhusiwi kupokea pande mbili hata kwa mwezi mmoja, kuna watu wamedaiwa kwa hilo. Kati ya kufunga na kufunguliwa kuna wiki za katikati, kama mtoto ana dawa za kila siku jaza dawa kabla ya kuondoka.

Hela yenyewe sasa. 18 kwenda 24 ni 960 zaidi kila wiki nne kabla ya makato, si kidogo kwa watu saba. Na Louisville jiji lenyewe linakukata 2.2% juu ya kodi ya jimbo, iangalie kwenye karatasi yako ya mshahara iko hapo, Iowa jimbo ni 3.8% tu. Kwa kodi hupotezi chochote. Lakini muombe rafiki yako kitu kimoja, akupigie picha karatasi yake ya mshahara ya wiki ya kawaida, afiche jina na namba zake. Angalia saa alizofanya kweli, ni 40 au 32, maana mifugo ikipungua saa nazo zinakatwa na hiyo 24 inakuwa haina maana. Angalia bima inakatwa ngapi. Muulize bonasi inalipwa lini, nyingi zinakatwa vipande, cha kwanza baada ya miezi mitatu, na ukiondoka mapema unarudisha. Muulize pia mikono yake ikoje. Ile kazi ni kisu, baridi na mwendo uleule mara maelfu kwa siku, kuna wanaoiweza miaka kumi na kuna ambao vidole vimekataa kukunja baada ya mwaka.

Kitu kinachonipa wasiwasi zaidi ni mji wenyewe kuwa na mwajiri mmoja. Mji wa Perry hukohuko Iowa ulikuwa na kiwanda cha nguruwe cha Tyson, kikafungwa Juni 2024, wafanyakazi karibu 1,300 nje, na wengi wao walikuwa wageni waliohama kufuata kazi hiyohiyo kama wewe. Louisville ukifukuzwa leo wiki ijayo uko ghala lingine. Kwa hiyo kabla ya yote muulize rafiki, kiwanda hiki kikifunga, ndani ya dakika 40 kwa gari kuna nini kingine? Akikosa la kusema, usiende.

Na nyumba. Watu saba kwenye mji mdogo si mchezo, nyumba za vyumba vinne zinahesabika na wenye nazo wanataka kipato mara tatu ya renti na historia ya malipo. Nenda wewe peke yako kwanza, lala kwa rafiki, fanya kazi hiyo miezi miwili, huku mama na watoto wakiwa Louisville na renti yao inajulikana. Kama mikono imekubali na nyumba umeiona kwa macho yako, sio kwa picha, wafuate shule zikifunga.